Vijidudu Vilivyoota Sugu

Mwaka ule, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kijidudu cha kidonda kikila dawa nyingi hunenepa, ngozi yake ikaota sugu kama kisigino cha mchunga ng'ombe, na kwamba madaktari wakubwa wana mizani ya kukipima uzito. Kikiwa chepesi, mgonjwa hupewa dawa akaenda zake. Kikizidi kipimo, mguu hukatwa. Habari hii nilipewa na mwanafunzi mwenzangu wa ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, dalali wa ng'ombe, na dalali wa ng'ombe akikwambia jambo la uzito, wewe fundi baiskeli utambishia kwa lipi?

Ngumbaru yetu pale Garsen ilikuwa baada ya magharibi, katika darasa la watoto, magoti yetu yakigonga meza kama milango ya upepo. Taa ilikuwa karabai moja. Mbu wa mwaka ule wa baada ya mafuriko walikuwa wakubwa kiasi kwamba mwalimu angeweza kuwaita majina kwenye rejista. Vitabu havikutosha, basi tukisoma magazeti makuukuu yaliyofungiwa sukari na mahamri. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji hodari kuliko wote, na wala sitii chumvi. Nilikuwa nasoma mstari mzima kwa pumzi moja, mradi mstari uwe mfupi.

Jioni moja ikawa zamu yangu. Habari ilihusu wataalamu wa ng'ambo waliokuwa wakijaribu mashine ya kupima uzito wa vipande vya vijidudu, ili kwa uzito huo wajue ni kijidudu cha aina gani. Walitumaini kwamba siku moja ingesaidia mahospitali kutambua vijidudu sugu. Hapo gazeti likakatika. Mafuta ya mahamri yalikuwa yamekula nusu ya chini, na mwisho wa habari ukaenda na mafuta.

"Mwalimu," niliuliza, "sugu hii ni ipi?"

Mimi nilizijua mbili tu: ya kiganja, iliyotokana na spana, na ile ya kwenye paji la uso, aliyokuwa nayo marehemu baba kwa wingi wa sijida.

"Ni ileile," mwalimu akasema, huku akimfukuza mbu kwa kifutio. "Kitu kilichosuguliwa mpaka kikazoea. Haya, anayefuata."

Dalali hakuridhika habari iishie kwenye mafuta. Alikuwa Muorma wa tambarare za nyuma ya mji, mtu wa mzaha na sauti nzito, aliyekichunga Kiswahili kama mifugo ya jirani: kikipita kulia sawa, kikipita kushoto sawa. Tulipotoka akanishika bega.

"Sikia, fundi. Dudu iko kama ng'ombe tu. Ukipa majani, inanona. Ukipa dawa kila siku, inazoea dawa, inafanya majani. Inanona, ngozi inakuwa ngumu. Hiyo ndiyo sugu. Sasa mashine ni ya nini? Ya kupima. Na wewe umeona wapi ng'ombe imepanda kwa mizani halafu ikarudi nyumbani?"

Sikuwahi kuona. Nililala na neno hilo kama mtu aliyelala na jiwe chini ya mto.

Lingekuwa mzaha tu, kama si mguu wa mama.

Mama alikuwa akilima kando ya mto, upande wa kijiji cha Hewani. Maji ya mafuriko yaliporudi mtoni aliwahi tope lile jeusi kupanda mpunga, na tope lilikuwa limeficha kisiki. Kikamchoma kando ya kifundo, kidonda kisichozidi ukucha. Hakumwambia mtu. Alinunua dukani vidonge vile vya rangi mbili, akavifungua, unga akaunyunyizia kidondani kama chumvi kwenye samaki. Kikiuma alimeza viwili, kikipoa aliacha. Duka likiishiwa nyekundu na nyeusi, alichukua kijani na njano. Majirani walipomvusha kwa mtumbwi nami nikampakia kwenye karia ya baiskeli yangu, mguu ulikuwa umevimba kama mtungi, na harufu yake ilitutangulia Garsen kwa robo saa nzima.

Pale kituo cha afya kulikuwa na klinikal ofisa mmoja, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Sisi tulimwita daktari, kwa kuwa Garsen aliyevaa koti jeupe ni daktari. Alikiosha kidonda, akakitazama muda mrefu.

"Mama, umetumia dawa gani?"

"Za rangi," mama akajibu.

"Rangi gani?"

"Zote."

Daktari akaguna. Alichukua kijiti chenye pamba, akakichovya kwenye usaha, akakifunga ndani ya kichupa. "Hivi huenda vikawa vijidudu sugu," akasema.

Damu yangu ilikoma kutembea. Sitii chumvi, nilijiangalia vidole nikaona vimekuwa vyeupe kama vya mzungu.

"Huu usaha unakwenda wapi?" niliuliza.

"Mombasa, maabara. Gari la chanjo linaondoka leo. Watavipima, majibu yatakuja wiki ijayo. Yakija nitachukua tena, tupime mara ya pili."

"Watavipima?"

"Watavipima."

"Na vikizidi?"

"Vikizidi," akasema bila kuinua kichwa, "mguu utabidi ukatwe. Vikipanda juu hatuna njia nyingine."

Sasa niambie wewe unayesoma: mtu aliyesikia neno la dalali, kisha akasikia hili kutoka kwa koti jeupe, angeelewa nini kingine? Maneno yalikuwa yaleyale. Sugu, kupima, kuzidi, kukatwa. Hata mpangilio ulikuwa uleule.

Daktari akamchorea mama mstari wa kalamu ya wino juu kidogo ya kifundo, pale wekundu ulipoishia. "Wekundu ukivuka mstari huu, mnijie siku hiyohiyo." Kisha akanipa bahasha ya kaki yenye vidonge vyeupe, vikubwa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kila siku, pasipo kuruka.

Nilimpeleka mama chumbani kwangu, nikamlaza kitandani, mimi nikatandika mkeka. Nikaketi mlangoni na bahasha mkononi, nikapiga akili kwa elimu yangu yote. Vile vijidudu vya kichupani vilikuwa vimeshakwenda na unono wao wa rangi zote. Hivyo sikuweza kuvirudisha. Tegemeo langu lilikuwa kipimo cha pili. Nina wiki nzima ya kuvikondesha. Na kijidudu kinachonona kwa dawa kitakonda kwa nini, kama si kwa kukosa dawa?

Nikaizika bahasha ndani ya debe la unga.

"Dawa iko wapi?" mama aliuliza jioni ile.

"Daktari kasema tungoje majibu."

"Mimi sikumsikia akisema tungoje."

"Alisema kwa Kiingereza."

Mama hakujua kusoma hata jina lake, na tangu nianze ngumbaru alikuwa akiwaambia watu wa kijijini kwamba mwanawe sasa anaongea na karatasi. Akajilaza, akajifunika leso. "Basi kama kasema," akasema.

Siku ya pili mstari ulikuwa palepale. Siku ya tatu palepale. Nilifurahi moyoni, nikasema njaa imeanza kuvibana. Nikapunguza hata sukari ya uji, nikamwambia imepanda bei. Mama akaunywa uji ule mkavu. Siku ya nne nilimpeleka kubadilishwa bendeji. Daktari alikunja uso.

"Anameza?"

"Anameza," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi.

Siku ya tano wekundu uligusa mstari.

Nilichutama pale kitandani nikiutazama. Nilijiambia labda ni kivuli. Nikafungua dirisha; si kivuli. Mstari wa wino wa bluu, na wekundu umekaa juu yake kama maji yanapolingana na ukingo wa mto, nawe unajua usiku huu hutalala. Sisi watu wa Tana tunaijua dalili hiyo kuliko kitu chochote. Maji yakifika pale, hungoji. Unabeba watoto na kuku, unakwenda. Nami nilikuwa nangoja.

Nikiwa na baiskeli ya mteja imelala chali, nyororo mkononi, nilimkimbilia dalali mnadani, maana nilikuwa nimeshamweleza habari ya mguu na ya njaa.

"Imegusa mstari," nikamwambia.

Alikuwa akimpapasa fahali kwenye nundu, akapapasa mara ya pili kabla ya kunijibu. "Ng'ombe ikinyimwa majani, siku ya kwanza inafanya nini? Inakonda?"

"Inapiga kelele."

"Ee. Inavunja boma hata. Hiyo ndiyo kelele. Ngoja, itakonda."

"Na ikivunja boma?"

Dalali alinitazama. Nadhani hapo ndipo aliponiona nina hofu ya kweli, maana mzaha ulimtoka usoni. "Fundi, mimi najua ng'ombe," akasema polepole. "Dudu najua kwa sababu wewe ulisoma gazeti."

Nilirudi kwenye banda langu la baiskeli, nikafunga nyororo nyuma mbele. Mteja alikuja akakanyaga pedali, baiskeli ikakataa kwenda. Sikuwa na hata nguvu ya kumtania.

Siku ya sita wekundu ulivuka kwa upana wa kidole. Mama akapata homa. Alitetemeka kwenye jua la adhuhuri, jua lile la Garsen linaloweza kuivisha chapati juu ya bati, naye anaomba blanketi. Nilipaswa kwenda siku hiyohiyo. Daktari alikuwa ameshasema. Lakini nikienda ataona imezidi, na nimemsikia kwa masikio yangu kinachofuata kuzidi. Nilikwenda hadi kwenye debe la unga, nikalifunua, nikalifunika. Nikalifunua tena. Nikimpa, nitavinenepesha siku mbili kabla ya kipimo. Nisipompa, huu moto. Jasho nililotoka siku ile lingetosha kumwagilia mashamba yote ya skimu ya Hola na likabaki la kuoshea magari.

"Mwanangu," mama aliita.

"Naam, mama."

"Hayo majibu yanakuja kwa miguu?"

"Yanakuja na gari, mama."

"Waambie waharakishe kidogo." Akageukia ukutani.

Siku ya nane wekundu ulikuwa vidole vitatu juu ya mstari, na kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kimekuwa cheusi kama tende. Sikungoja tena. Niliitoa bahasha kwenye unga, nikaitia mfukoni, maana niliogopa kuiacha na niliogopa kuitumia. Nikampakia mama kwenye karia, nikasukuma baiskeli kwa miguu ili isimrushe.

Daktari alikuwa na karatasi mkononi. Gari la chanjo lilikuwa limerudi asubuhi ile. Akatukalisha, akaiweka karatasi mezani, upande wa kwangu, kwa heshima. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni msomi.

"Soma mwenyewe. Haya ni majina ya dawa. Penye R, dawa imeshindwa. Penye S, inafanya kazi."

Nikasoma kwa kidole. Jina la kwanza, R. La pili, R. R, R, R. Majina marefu kama msafara wa ngamia, na kila ngamia mkiani ana R. Zilikuwa ni zile rangi zote za mama, na ndugu zake nisiowajua. Karibu na mwisho nikafika penye S. Lilikuwa jina gumu, nikalisoma herufi moja moja, na nilipofika herufi ya tano nikahisi nimelisoma tena mahali fulani. Nikaitoa bahasha mfukoni, unga ukamwagika mezani. Nikaiweka kando ya karatasi. Herufi ya kwanza na ya kwanza. Ya pili na ya pili. Niliyafuata yale majina mawili mpaka mwisho, nikiomba Mungu yaachane njiani. Hayakuachana.

"Tuna bahati, ndiyo ileile niliyompa," daktari alikuwa akisema huku akifungua bendeji. Akautazama mguu, akautazama mstari wake wa wino uliozama huko chini kwenye wekundu. "Mbona basi? Siku nane kwa dawa hii." Ndipo akaiona bahasha, imejaa, ina unga.

Mama ndiye aliyesema. Hakusema kwa hasira. "Dawa ndiyo hiyo? Si ulisema tungoje, mwanangu? Alisema kwa Kiingereza."

Nilitamani daktari anipige. Hakunipiga wala hakuniuliza kwa nini. Alikwenda mwenyewe kuleta maji kwenye kikombe, akampa mama kidonge cha kwanza, akangoja mpaka akimeze. Kisha akachora mstari mpya, juu zaidi, chini ya goti kwa shubiri moja.

"Leo ni Jumatano," akasema. "Mpaka Jumamosi asubuhi. Wekundu ukianza kushuka, mguu tunao. Ukifika hapa, nampeleka na gari la kwanza, wakaukate."

Kuanzia pale mama hakunipa tena bahasha. Aliifunga kwenye pindo la leso, na kila alfajiri na kila magharibi alifungua fundo mwenyewe, akahesabu kwa kidole, akameza, akafunga. Mimi kazi yangu ikawa kuleta maji na kutazama. Alhamisi wekundu haukushuka. Haukupanda pia. Ijumaa nilikwenda msikitini nikasujudu muda mrefu kuliko imamu, hata mtu aliyekuwa kando yangu akadhani nimelala. Niliporudi homa ilikuwa imemwacha, na aliniomba sukari kwenye uji.

Jumamosi asubuhi daktari alipima kwa vidole vyake. Wekundu ulikuwa umeshuka karibu na mstari wa kwanza. Kidole kile cheusi alikitoa palepale kwa ganzi, maana kilikuwa kimekufa. "Kidole tu," akasema. "Mguu unabaki."

Ungefikiri hapo nilipata akili. Lakini mtu akiponea chupuchupu hutafuta sababu ya kujisifu, na mimi niliipata haraka. Nilijiambia: dawa ilifanya kazi upesi kwa kuwa ilivikuta vijidudu vimekonda. Nani alivikondesha? Wiki ya pili nilikuwa nimeshaihadithia Garsen nzima, na kila nilipohadithia vijidudu vilikonda zaidi, mpaka vingine vikawa vinapepesuka. Na kwa kuwa kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, niliona kwamba sasa ndio wakati wa kuacha dawa, tusije tukavinenepesha upya. Nilipanga kumwambia mama jioni ile.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla sijamwambia, tulikuwa kituoni kubadilisha bendeji. Mama yuko ndani, mimi nje kwenye benchi, kando yangu taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, kutoka Madogo, aliyefungwa bendeji mkononi. Naye alikuwa na bahasha yake ya kaki. Nikamwonea huruma, nikamweleza siri yote: gazeti, sugu, unono, mizani, njaa.

"Kwa hiyo niache?" akauliza.

"Siku nane tu. Utanishukuru."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke aliyebeba kasha la barafu. Alikuwa mtaalamu wa maabara kutoka Mombasa, aliyekuja na gari la chanjo kumwonyesha daktari namna ya kufunga vichupa. Sijui alikuwa amesikiliza tangu wapi. Aliliweka kasha chini, akaketi juu yake, akatutazama sote wawili.

"Kaka, wewe ndiye mwenye mama wa mguu?"

"Ndiye mimi."

"Usaha wa mama yako niliuotesha mimi. Hakuna mizani. Mashine uliyoisoma gazetini kweli ipo, lakini iko ng'ambo, na wenyewe bado wanaijaribu. Inavipiga vijidudu kwa mwale mkali wa mwanga, vipande vyake vinaruka ndani ya bomba, vyepesi vinatangulia kufika, vizito vinachelewa, na kwa mpangilio huo wanajua ni kijidudu gani. Basi. Haipimi unono, na haiamui mguu wa mtu. Mimi sina hiyo mashine. Mimi naviotesha kwenye sahani, naweka vipande vya karatasi vyenye dawa, kesho yake naangalia penye vilivyokufa na penye vilivyo hai."

"Lakini daktari alisema vitapimwa," nikasema.

"Kuchunguzwa. Mnapimwa malaria hapa kila siku, nani amewekwa kwenye mizani?"

Taniboi akacheka. Mimi sikucheka.

"Na sugu?"

"Sugu maana yake dawa haikiui kijidudu. Si ngozi, na hakijala kitu. Mama yako alimeza kidogo akaacha, akameza kidogo akaacha. Dhaifu vilikufa, vikabaki visivyosikia dawa zile, vikazaana." Aligeuka akamwangalia taniboi, kisha akanirudia mimi. "Na siku nane zile hakuna kilichokonda. Viliongezeka, ndiyo maana kidole kilikufa. Vidonge vyake vimebaki vingapi?"

"Sita. Anavyo mwenyewe."

"Avimalize vyote sita, hata kidonda kikifunga kesho. Na huyu hapa mwambie amalize vyake."